Kikaragosi Mbele ya Mtoto Aliyefiwa

Tarehe 6 Juni 1968 Seneta Robert Kennedy wa Marekani alifariki kutokana na majeraha ya risasi. Kesho yake, televisheni za nchi ile zikiwa zingali zinarudia picha za kifo hicho, Fred Rogers, mchungaji wa Kipresbiteri aliyekuwa na kipindi cha watoto katika mji wa Pittsburgh, alitoa kipindi maalumu kwa ajili ya wazazi. Ndani yake alionekana chui milia mdogo wa kitambaa, jina lake Daniel, aliyechezeshwa na mkono wa Rogers mwenyewe. Daniel alimwomba mwanamke aliyekuwa karibu naye apulize puto, akataka kujua hewa huenda wapi puto linaponywea. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza neno lile ambalo watu wazima walikuwa wakilitamka kutwa nzima, neno la kumwua kiongozi kwa hila, lina maana gani. Mwanamke yule hakugeuza mazungumzo. Alimjibu kwamba ni mtu kuuawa kwa ghafla, akamwuliza kama amelisikia neno hilo mara nyingi siku ile.

Tunaanza na tukio hilo la mbali kwa sababu linagusa swali ambalo sisi wakaaji wa Bogoro hatuwezi kulikwepa. Mtoto akiuliza habari ya kifo ambacho watu wazima wenyewe wanakiogopa, ni nani amjibu, na kwa maneno gani? Katika kurasa hizi tutafuata historia ya vikaragosi vya televisheni, yaani wanasesere wanaochezeshwa kwa mkono, tangu Marekani hadi Afrika ya Kusini, Tanzania na mwishowe kwetu Kongo. Historia hiyo, jinsi tunavyoisoma, inafundisha jambo moja: mtoto anaweza kuubeba ukweli mzito, iwapo anauambiwa kwa kimo chake, katika lugha yake, na mtu mzima akiwa karibu naye. Kinachomlemea zaidi ni ukimya.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Wenzetu wasomao Kifaransa hukiita marioneti, na neno hilo lina asili inayopendeza kuikumbuka: limetokana na Marion, jina la kumbembeleza mtoto aitwaye Marie, yaani Maria. Hata kabla ya neno hilo kutufikia, watoto wa vijiji vyetu walikuwa wakijitengenezea watoto wa magunzi ya mahindi, wakiwafunga mgongoni, wakiwaimbia, wakiwakemea. Yeyote aliyewasikiliza watoto wakicheza hivyo anajua kwamba msichana anayeona haya kumweleza mama yake hofu fulani ataisema bila shida kwa kinywa cha gunzi. Kikaragosi kinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mtoto anajua vizuri kwamba ni kitambaa na mkono wa mtu, lakini bado anakubali kuzungumza nacho. Hakimtishi, hakimpigi, hakimpi alama, na mara nyingi kinajua mambo machache kuliko yeye.

Watu waliolianzisha jambo hili kwenye televisheni walilijifunza kwa majaribio. Kipindi mashuhuri kuliko vyote, Sesame Street, kilianza kurushwa Marekani tarehe 10 Novemba 1969. Jina lake limechukuliwa katika hadithi ya Ali Baba, ambamo mlango wa pango hufunguka kwa kutaja ufuta. Ni simsim hiyo hiyo tunayoijua mashambani mwetu. Nia ya mwanzilishi wake, Joan Ganz Cooney, na wenzake ilikuwa kuwapa watoto wa maskini wa mijini herufi na hesabu kabla hawajaingia shuleni, ili wasianze masomo wakiwa nyuma ya watoto wa matajiri. Wataalamu wa saikolojia waliwashauri wasichanganye vikaragosi na watu halisi, wasije wakawavuruga watoto. Hivyo katika vipindi vya majaribio watu walikaa peke yao mtaani, na vikaragosi vya Jim Henson vikawekwa mahali pengine. Mwaka 1969 vipindi hivyo vilionyeshwa kwa watoto katika mji wa Philadelphia. Vikaragosi vilipoonekana, watoto walitazama. Walipobaki watu wazima peke yao, macho ya watoto yalihamia kwingine. Ndipo Henson alipotengeneza ndege mkubwa wa manjano, Big Bird, na Oscar akaaye katika pipa la takataka, wakawekwa kuishi mtaani pamoja na watu. Katika jambo hilo ushauri wa wataalamu ulishindwa na ushahidi wa watoto wenyewe. Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu tungefanya vizuri kulikumbuka hilo kila tunapoandaa somo bila kwanza kuwatazama wanafunzi.

Mtaa ule ulikuwa na jambo jingine lililowakera baadhi ya watu wazima. Watu weusi na weupe waliishi humo pamoja, kama majirani wa kawaida. Mwezi wa Mei 1970 tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilipiga kura kipindi kisionyeshwe, kwa sababu baadhi ya wajumbe waliona kwamba jimbo lao halikuwa tayari kwa mchanganyiko huo wa rangi. Habari ilipofika magazetini watu walilalamika, na baada ya siku 22 uamuzi ukafutwa. Tunautaja mkasa huo mdogo kwa kuwa unaonyesha nani huogopa kikaragosi. Watoto wa Mississippi hawakulalamika kwamba mtaa ule ulikuwa na majirani wa rangi mbili. Walioona hatari walikuwa wazee waliokuwa na mpaka wa kuulinda.

Mtihani mkubwa wa ukweli ulikuja miaka 13 baada ya kipindi kuanza. Mwezi wa Desemba 1982 alifariki Will Lee, mzee aliyeigiza mwenye duka wa mtaani, Bwana Hooper. Watayarishaji walikuwa na njia nyepesi mbele yao: wangeweza kusema kwamba mzee amehama, amesafiri, au kazi imechukuliwa na mwigizaji mwingine. Baada ya kushauriana na wataalamu wa malezi, waliamua kusema kwamba Bwana Hooper amekufa, na kwamba hatarudi. Kipindi hicho kilirushwa tarehe 24 Novemba 1983, siku ambayo Wamarekani huadhimisha sikukuu ya shukrani, wazazi wengi wakiwa nyumbani pamoja na watoto wao. Big Bird amechora picha za rafiki zake wote naye anazigawa. Inabaki moja, ya Bwana Hooper, na Big Bird anataka kumngoja ampe. Watu wazima wanamkumbusha kwamba mzee amekufa. Anauliza atarudi lini. Anauliza ni nani atakayemtengenezea chakula na kumsimulia hadithi. Anauliza kwa nini lazima iwe hivyo. Kwa swali hilo la mwisho hakuna anayejifanya kuwa na maelezo. Wanamkubalia tu kwamba ndivyo ilivyo. Waigizaji walikuwa wakimlilia mwenzao kweli, na machozi yao yalionekana.

Tuangalie walichokikataa watu wale. Walikataa kusema kwamba mzee amelala, kwa sababu mtoto akiambiwa hivyo ataogopa kitanda chake. Walikataa kusema kwamba alikufa kwa sababu alikuwa mgonjwa tu, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kutofautisha homa ya siku mbili na ugonjwa wa kifo. Walikataa vilevile kumwacha mtoto peke yake na habari ile. Kila swali la Big Bird lilipata mtu mzima wa kulisikiliza. Mambo hayo matatu hayahitaji televisheni. Bibi zetu wengi waliyajua. Lakini yanahitaji mtu mzima ambaye maumivu yake mwenyewe hayajamfunga kinywa, na mtu wa namna hiyo ni haba mahali ambapo kila nyumba imefiwa.

Afrika ya Kusini mwanzoni mwa karne hii ilikuwa mahali pa namna hiyo. UKIMWI, ambao huku kwetu tumezoea kuuita Sida, ulikuwa ukiwaua wazazi kwa wingi, na aibu iliwafunga walio hai. Mwaka 1997 mvulana mmoja aliyezaliwa na virusi, Nkosi Johnson, alikataliwa kuandikishwa shuleni, na jina lake likajulikana nchini kote. Mwezi wa Julai 2000, akiwa na umri wa miaka 11, alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa UKIMWI katika mji wa Durban, akawaomba watu wawapokee wagonjwa kama binadamu wengine. Alifariki tarehe 1 Juni 2001. Mwaka ule ule wa mkutano, televisheni ya taifa ilikuwa imeanza kipindi cha Takalani Sesame, ndugu wa kile cha Marekani lakini chenye mtaa wake, sauti zake na lugha za nchi ile. Tarehe 30 Septemba 2002 aliingia ndani yake kikaragosi mpya, msichana wa miaka mitano mwenye manyoya ya rangi ya haradali. Jina lake ni Kami, kutokana na neno la Kitswana lenye maana ya kukubaliwa, kupokewa. Kami ni yatima. Mama yake alifariki kwa UKIMWI, na yeye mwenyewe anaishi na virusi.

Habari ya Kami ilipotangazwa mwezi wa Julai mwaka huo, wabunge kadhaa wa Marekani waliandika barua wakionyesha wasiwasi wao kwamba kikaragosi wa namna hiyo asije akaletwa mbele ya watoto wa nchi yao. Hofu yao tunaielewa. Mzazi yeyote angependa mtoto wake asikutane mapema na maradhi na mauti. Lakini barua ile ilisahau kwamba Afrika ya Kusini ilikuwa na maelfu ya watoto waliokwisha kukutana nayo. Kwa watoto hao swali halikuwa kama wajue au wasijue. Walikwisha kujua kwa macho, kwa kumwona mama akikonda kitandani na majirani wakiacha kuja. Walichokosa kilikuwa neno la kukitaja walichokiona, pamoja na mtoto mwenzao mmoja, hata awe wa kitambaa, anayeishi na jambo hilo hilo huku akicheza na kucheka. Kami aliwapa vyote viwili. Alimtaja mama yake kwa majonzi bila aibu, na rafiki zake wa mtaani walimshika mkono. Mwezi wa Novemba 2003 shirika la UNICEF lilimtangaza kuwa mtetezi wa watoto.

Kutoka kusini, kazi hiyo ilifika katika eneo la lugha yetu. Mwishoni mwa mwongo ule ule Tanzania ilipata kipindi chake, Kilimani Sesame, kwa Kiswahili. Jina lenyewe ni la kwetu: mtaa ulio kwenye kilima. Kilifundisha herufi na hesabu kama ndugu zake, lakini kiliongeza mambo ambayo mtoto wa Tanzania, kama yule wa Ituri, anakutana nayo kila siku: kunawa mikono, kulala ndani ya chandarua ili kujikinga na malaria, na kutomtenga mtu mwenye virusi vya UKIMWI. Kilitolewa kwa televisheni, kwa redio na kwa vitabu, kwa sababu watayarishaji walijua kwamba nyumba nyingi za vijijini hazina umeme. Watafiti wa afya ya jamii wa chuo kikuu cha Johns Hopkins waliwafuatilia watoto 223, wa mjini na wa vijijini, kwa muda wa wiki sita, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Watoto waliokipokea kipindi zaidi walionyesha maendeleo zaidi katika masomo ya awali, katika tabia za kuishi na wengine, na katika ujuzi wa afya, ukiwemo ule wa malaria na UKIMWI.

Tusikuze matokeo hayo kupita kiasi. Wiki sita ni muda mfupi, na mtoto anayejua faida ya chandarua bado anamhitaji mtu wa kumnunulia. Hata hivyo kwetu sisi jambo lenye uzito ni hili: lugha iliyotumika ni ile ile tunayoitumia sokoni, shuleni na kanisani. Mara nyingi watu wetu hudhani kwamba mambo mazito ya malezi ya moyo hayana budi kusemwa kwa Kifaransa, na kwamba Kiswahili ni cha kununulia samaki wa Kasenyi. Kilimani Sesame kilionyesha vinginevyo, na baada yake wengine wameendelea. Tangu mwaka 2014 watayarishaji wa Dar es Salaam wamekuwa wakitoa Ubongo Kids, kipindi cha katuni za kuchora kinachowafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nacho kimevuka mipaka hadi nchi jirani.

Hadi hapa tumezungumzia maradhi na kifo cha kawaida. Vita ni jambo jingine, kwa sababu katika vita kifo kina mkono wa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni jirani. Je, kikaragosi kinaweza kitu hapo? Historia inajibu kwa tahadhari. Mwaka 1998 Waisraeli na Wapalestina walitayarisha kipindi kwa pamoja. Wazo la kwanza la watu wa nje lilikuwa mtaa mmoja ambamo watoto wa pande zote mbili wangeishi pamoja. Wazo hilo halikusimama, kwa sababu mtaa wa namna hiyo haukuwapo popote, na mtoto angeona mara moja kwamba anadanganywa. Ikabidi iwepo mitaa miwili, kila mmoja na vikaragosi vyake na lugha yake, na wakazi wa mtaa mmoja wawe wageni wa ule mwingine, wakialikwa. Miaka michache baadaye, machafuko yalipozidi, hata kutembeleana huko kukawa kugumu kukuonyesha, na kila upande ukabaki na hadithi zake. Kikaragosi hakiwezi kuleta amani ambayo watu wazima wameikataa. Kikijaribu, kinakuwa mwongo, na mtoto anaacha kukiamini.

Huko Kosovo mwaka 2004 kikwazo kilikuwa herufi. Waalbania huandika kwa herufi za Kilatini, Waserbia kwa za Kisirili, na baada ya vita kila upande ulichukia kuwaonyesha watoto wake maandishi ya upande wa pili. Kipindi cha kufundisha kusoma kitaanzaje bila herufi? Watayarishaji walipata njia ya unyenyekevu: waliwaonyesha watoto vitu, kama vile miwani ya jua, kisha watoto wa makabila mbalimbali wakavitaja kila mmoja kwa lugha yake, bila maandishi yoyote. Mtoto wa Kialbania alijifunza kwamba mtoto wa Kiserbia naye ana miwani ya jua, na kwamba ana neno la kuitajia. Ni hatua ndogo mno. Lakini ilikuwa hatua ya kweli, nayo ilikubaliwa na pande zote.

Katika miaka ya karibuni kazi hiyo imewafuata watoto hadi kambini. Mwezi wa Februari 2020 kilianza Ahlan Simsim, kipindi cha Kiarabu kwa watoto waliokimbia vita vya Siria na kwa majirani waliowapokea. Mmoja wa vikaragosi vyake, Jad, ni mgeni mtaani, naye alilazimika kuacha kwao. Mwishoni mwa mwaka huo huo walitangazwa Noor na Aziz, mapacha wa miaka sita wanaosema Kirohingya, kwa ajili ya watoto wa kambi za Cox's Bazar huko Bangladesh. Na katika nchi yetu wenyewe, mjini Kinshasa, kituo cha Espace Masolo kimewakusanya watoto wa mitaani tangu mwanzoni mwa karne hii, kikiwafundisha kutengeneza vikaragosi, kuvichezesha, na kupiga tarumbeta. Masolo kwa Kilingala ni mazungumzo. Hapo mtoto mwenyewe ndiye anayekipa kikaragosi sauti, na kwa kinywa hicho anasema mambo ambayo pengine hangeyasema kwa kinywa chake.

Sasa turudi nyumbani. Bogoro iko kilomita 25 hivi kutoka Bunia, katika njia ya kuteremkia Ziwa Albert. Tarehe 24 Februari 2003, alfajiri, kijiji kilishambuliwa na wapiganaji Wangiti na Walendu. Shule ya Institut de Bogoro ilikuwa imegeuzwa kambi ya askari wa UPC, na raia wengi, wanawake na watoto kati yao, walikuwa wamekimbilia humo. Waliuawa ndani ya vyumba vya madarasa na nje yake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Germain Katanga kuwa na hatia tarehe 7 Machi 2014, kisha ikampa kifungo cha miaka 12. Mathieu Ngudjolo Chui, aliyeshtakiwa kwa shambulio hilo hilo, alikuwa ameachiwa huru mwezi wa Desemba 2012. Tarehe 24 Machi 2017 majaji waliwatambua waathirika 297, wakaamuru kila mmoja apewe dola 250 kama ishara, pamoja na fidia za jumla: msaada wa makazi, shughuli za kujipatia riziki, elimu, na huduma ya kutibu majeraha ya moyo.

Hukumu imeandikwa, na kurasa zake ni nyingi. Lakini mtoto wa miaka saba wa Bogoro hasomi hukumu. Anaona tu kwamba kila mwezi wa Februari nyumba inanyamaza, kwamba bibi hapiti mahali fulani, kwamba jina fulani halitajwi mezani. Amezaliwa miaka mingi baada ya tukio, na bado analirithi. Akinyimwa maneno, atajitungia hadithi yake, au ataipokea kutoka kwa yule atakayeiwahi. Sisi tulioishi Ituri tunajua ni watu gani wanaowahi. Ni wale wenye hadithi iliyo tayari juu ya kabila lile la upande wa pili, wenye nia ya kumpa kijana bunduki muda mfupi baada ya kumpa hadithi. Mapigano yaliyorudi Ituri tangu mwishoni mwa mwaka 2017, na kambi za waliohamishwa pembezoni mwa Bunia, Kigonze ikiwa mojawapo, yanatuonya kwamba ukimya wetu haukuwalinda watoto kama tulivyotumaini.

Kuna wenye hoja kinyume, na hoja yao ina haki ya kusikilizwa. Wanasema: mkiwasimulia watoto, mtawapandikizia kisasi, waacheni wakue bila kujua, na chuki itakufa pamoja nasi. Tungekubali kama kutojua kungewezekana. Mahali ambapo makaburi yako kijijini, kutojua hakuwezekani. Linalowezekana ni kujua nusu. Aidha, historia tuliyoifuata inatofautisha kusema ukweli na kusimulia ukatili. Big Bird hakuonyeshwa maiti. Kami hakueleza jinsi mama yake alivyoteseka. Daniel aliambiwa maana ya neno kwa sentensi moja, kisha akasikilizwa. Kipimo cha ukweli unaompasa mtoto ni swali lake mwenyewe: tumjibu alichouliza, tusimwongezee picha za kumnyima usingizi, wala tusimpe jibu ambalo atakuja kugundua kwamba lilikuwa la uongo.

Bogoro haina kituo cha televisheni, na umeme wa kutosha wa kutazama kipindi cha mbali ni wa wachache. Hilo halituzuii. Kikaragosi ni soksi kuukuu, vifungo viwili vya shati kwa macho, na mkono wa mtu anayependa watoto. Pazia ni kitenge kilichofungwa kati ya viti viwili. Katika mashirika yetu wapo akina mama washonaji, wapo vijana wenye sauti za kuchekesha, wapo walimu wa shule ya msingi wanaojua kuwakusanya watoto. Radio za Bunia nazo hutangaza kwa Kiswahili, na Kilimani Sesame kilikwisha kuonyesha kwamba mtaa wa vikaragosi unaweza kuishi hata redioni, mahali ambapo manyoya yao hayaonekani.

Kiswahili hapa kina nafasi ya pekee. Mhema wa kusini ana lugha yake, Mngiti ana yake, na lugha hizo hazielewani. Mtoto wa huku na mtoto wa kule wakikutana sokoni au shuleni, huzungumza Kiswahili, ambacho si urithi wa mmoja dhidi ya mwingine. Kikaragosi kinachosema Kiswahili hakimwulizi mtoto atoke upande gani ndipo kimwelewe. Lakini tukumbuke fundisho la mitaa miwili: tusitunge kijiji cha kubuni ambamo watu hawajawahi kuumizana. Afadhali tuwe na vikaragosi viwili vinavyoogopana mwanzoni, kila kimoja kikiwa kimefiwa, ambavyo siku moja vinakutana mtoni na havijui viseme nini. Watoto watavisaidia. Watoto huwa wepesi kukipa kikaragosi ushauri ambao hawajathubutu kuujaribu wao wenyewe.

Basi tunawapendekezea akina baba, akina mama na viongozi wa mashirika jambo dogo. Kabla ya mwezi wa Februari ujao, kila shirika litafute watu wawili wa kutengeneza vikaragosi, na jioni moja liwaite watoto. Hadithi iwe fupi: kikaragosi mmoja anauliza babu yake yuko wapi. Atakayejibu asiwe kikaragosi mwingine. Awe mtu mzima wa kijiji, ameketi mbele ya pazia, anayemfahamu babu wa kweli na anayeweza kusema jina lake, kazi aliyoifanya, na kwamba aliuawa. Kisha watoto waachiwe nafasi ya kuuliza, na mtu huyo asiondoke hadi swali la mwisho litakapopata jibu, hata kama jibu lenyewe ni kukiri kwamba hatujui kwa nini ilikuwa hivyo.